Tupeane uzoefu: mliowahi kuonyesha sinema za Kifaransa na Kijerumani mtaani, njooni hapa

JiraniWaManyatta
Jana jioni nimepita nyuma ya kanisa moja hapa Manyatta, Kisumu, nikakuta vijana wawili wanatundika shuka jeupe ukutani. Mmoja yuko juu ya kiti, mwenzake ameshika pembe kwa meno akitafuta msumari mfukoni. Jenereta imeshaanza kunguruma. Nilikaa nikiwatazama mpaka mtu wa boda akaniuliza kama nashuka au tunaendelea. Sisi tulionyesha sinema za Wafaransa na Wajerumani kila Ijumaa kwa miaka mitatu, na sijawahi kuyaandika popote. Kisumu, Nakuru, Kakamega, semeni. Mlianza na ipi? Na siku iliyowatoa machozi ni ipi?

Sehemu58
Nakuru hapa. Tulianza na Nosferatu, ile ya kimya ya Murnau ya 1922. Tulidhani kwa kuwa haina sauti ya mtu, lugha haitamsumbua yeyote. Dakika kumi tu watu wakaanza kuulizana kama spika zimekufa. Aliyetuokoa ni kijana wa kwaya. Alikimbia nyumbani akarudi na ngoma, akawa anaipiga polepole kila yule mnyonya damu akitokea. Hakuna aliyeondoka tena, na wiki iliyofuata watu waliuliza mpiga ngoma yuko wapi kabla ya kuuliza filamu ni gani.

NyarDunga
Nimesoma hiyo habari ya shuka, mwili ukasisimka. Wacha niseme.

Ufuoni Dunga, hapa Kisumu, Ijumaa. Tunaonyesha Lola rennt ya Tom Tykwer, ya 1998. Msichana mwenye nywele nyekundu ana dakika 20 za kumtafutia mpenzi wake mark 100,000, na hadithi inaanza upya mara tatu. Watoto hawakuhitaji kusoma chochote. Lola akikimbia, nao wanakimbia, kutoka kwenye mitumbwi hadi vibanda vya samaki na kurudi. Wavuvi waliacha kutengeneza nyavu wakaja kusimama nyuma. Nilijiambia, leo tumefika.

Mbio za pili ndipo wadudu wa ziwa walipoingia. Mchana mnawaona mbali juu ya maji kama moshi, lakini usiku wanafuata mwanga. Hawaumi, ila ni wengi kupita kiasi, na laini kama majivu. Shuka likawa la kijivu, kisha jeusi, Lola anakimbia ndani ya kitu kinachotambaa. Nikasikia feni ya projekta inabadilisha sauti, kama mtu anayekoroma. Harufu ya kuungua ikaja. Nanyosha mkono niizime, taa ikapasuka. Giza.

Projekta nilikuwa nimeiazima shule fulani kwa neno la mdomo. Hata hilo sikulifikiria, maana mama mmoja alianza kuita jina la mwanawe. Akaita mara ya pili, ya tatu, kimya. Mtoto wa miaka minne, na maji yako hatua ishirini. Wanaume wakaingia ziwani na tochi za simu, mimi nimesimama na waya mkononi, siwezi kwenda mbele wala nyuma.

Ngoja, kuna mteja dukani. Narudi.

KakamegaYetu
Dada, huwezi kutuacha hapo! Mtoto alipatikana?

MwalimuWaLugha
Tukimsubiri, nina ombi. Nafundisha Kijerumani na nimesaidia klabu mbili. Tafadhali acheni kuweka wasimulizi mtindo wa DJ Afro, yule Mkenya anayesimulia filamu za kigeni kwa maneno yake mwenyewe, juu ya hizi sinema. Filamu ya Mfaransa ina kimya chake. Mtu anamimina chai, hasemi kitu, na hapo ndipo pana hadithi yote. Msimulizi akijaza hapo maneno ameiua. Wekeni maandishi ya chini, watu wasome.

KakamegaYetu
Mwalimu, kwa heshima, wasome nani? Nyanya yangu aliketi mstari wa mbele Amalemba, maandishi ni ya Kiingereza, yanapita kabla hajavaa miwani. Msimulizi wetu alimwekea kila kitu kwa Kiswahili na Kiluhya, nyanya akalia pale pa kulia. Tungefuata ushauri wako angeenda kulala.

MwalimuWaLugha
Basi andikeni tafsiri ya Kiswahili, mmoja aisome kwa sauti ya chini bila kuongeza yake. Nilimsikia msimulizi akimpa polisi wa Paris jina la chifu wa kata.

KakamegaYetu
Na watu walielewa au hawakuelewa?

Sehemu58
Msigombane. Kuna filamu isiyohitaji yeyote kati yenu. Nirgendwo in Afrika, ya Caroline Link, iliyopata Oscar mwaka 2003. Familia ya Kiyahudi inakimbia Ujerumani, inaishia shambani Kenya. Owuor, mpishi wao, ameigizwa na Mkenya mwenzetu marehemu Sidede Onyulo, na Kiswahili kimo ndani. Kitabu cha Stefanie Zweig ilikotoka kinaanzia Rongai, 1938, hapa hapa kwetu. Tulipoionyesha, mzee mmoja aliyewahi kuwa mtoto wa jikoni kwenye shamba la mzungu alisimama katikati, akasema, "Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaishika sinia." Akanyoosha mikono yake miwili kutuonyesha. Tukasimamisha filamu tukamsikiliza zaidi ya saa nzima.

JiraniWaManyatta
Nimesoma hiyo ya mzee mara mbili. Asante sana.

FundiStima
NyarDunga, siku nyingine vika projekta chandarua.

Sehemu58
Usivike! Itavuta hewa wapi? Joto litaimaliza kabla ya wadudu. Weka taa kali mbali, upande wa maji, waende huko.

FundiStima
Chandarua kikae mbali na feni, kama hema. Nimefanya, kinafanya kazi.

KakamegaYetu
Huku kumbikumbi wakitokea tunasimamisha, tunawaokota, tunakaanga, tunaendelea. Lakini dada, mtoto!

Wakili_wa_Kijiji
Na kibali mkumbuke. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222, inataka filamu ya kuonyeshwa hadharani iwe imepitishwa na Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya (KFCB). Nendeni mapema.

NyarDunga
Nimerudi, samahani. Alipatikana. Baada ya kama nusu saa mvuvi mmoja alivuta wavu ndani ya mtumbwi wake uliokuwa nchi kavu, akamkuta amelala chini yake, kiatu kimoja mguuni. Alikuwa amechoka kukimbia na Lola. Mama yake alimbeba bila kuniambia neno, nami sikuwa na la kumwambia. Projekta nililipa kidogo kidogo kwa miezi kumi na moja. Klabu ikafa usiku ule.

Sasa yuko darasa la tatu. Kila akitumwa dukani kwangu ananiuliza kama Lola alizipata zile pesa. Namwambia sijui, kwa sababu naona si haki amalizie kwa mdomo wangu.

JiraniWaManyatta
Ninayo kwenye flashi. Shuka ninalo. Nani ana projekta?

FundiStima
Mimi. Na chandarua.