Mjadala: Kipindupindu kikikaribia Kigoma, je, mwalo wa Kibirizi ufungwe?

Mtoa hoja, Gungu

Kila mvua zinapoanza na habari za kuhara zikasikika ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Uvira au Kalemie huko Kongo, hapa mjini huzuka rai ileile: mwalo wa Kibirizi, yaani ufuo wa kushushia samaki na abiria, ufungwe kwa majuma mawili, boti zisitie nanga, na mama lishe wote wazime majiko. Wenye rai hiyo husema kwamba kipindupindu huletwa na watu, kwa hiyo ukizuia watu umezuia ugonjwa. Naiheshimu hofu yao, kwa kuwa nami nina watoto, lakini naona wanataka kufunga mahali pasipostahili, na ni heri tulijadili jambo hili mapema, maana siku ugonjwa ukibisha hodi hakuna atakayekuwa na utulivu wa kumsikiliza mwenzake.

Vimelea vya kipindupindu hutoka katika kinyesi na kuingia kinywani kwa maji au chakula. Dalili huweza kuanza baada ya saa 12 au zikachelewa hadi siku 5, na walio wengi katika walioambukizwa hawaugui kabisa, ilhali kinyesi chao hubeba vimelea kwa siku kadhaa, pengine hadi 10. Mgambo aliyesimama mwaloni akitazama nani amelegea hatamtambua mtu wa namna hiyo. Ndiyo maana tangu mwaka 1973 kanuni za afya za kimataifa ziliacha kumdai msafiri cheti cha chanjo ya kipindupindu: ilikwisha kuonekana kwamba vizuizi vya mipakani haviukamati ugonjwa huo.

Waliokuwapo mwaka 2015 hawajaisahau Kagunga. Wakimbizi kutoka Burundi walijazana katika kijiji hicho, ambacho wakati ule hakikuwa na barabara, kilichobanwa baina ya mlima na ziwa, na maji ya kunywa yakawa ni yaleyale ya ufuo ambao watu walijisaidia kandokando yake. Kabla Mei haijaisha wagonjwa walikuwa wamefika takriban 3,000 na waliofariki 31. Nafuu haikuja kwa kuwafungia pale. Walisafirishwa kwa meli ya MV Liemba hadi mjini, wakapitia Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, ambako ilitolewa pia chanjo ya kunywa.

Tena kuna hesabu ya mwezi, ambayo wapangaji wa mambo haya huisahau. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa nyavu hupumzika. Majuma mawili ya kufunga mwalo yakiangukia giza, mvuvi amepoteza kipato cha mwezi mzima, naye hatakubali kukaa nyumbani akihesabu mabati. Atashusha mzigo usiku kwenye fukwe za vichakani, pasipo choo wala bwana afya, na kijana wake akianza kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele atafichwa katika kambi ya wavuvi hadi macho yatumbukie. Mgonjwa huyohuyo angepewa ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji safi ya kunywa, mapema angepona, kwa kuwa penye tiba ya haraka vifo hubaki chini ya asilimia 1. Kwa hiyo naomba pakiti za ORS na vidonge vya kutibu maji viwekwe mwaloni penyewe, na kinachopigwa marufuku kiwe matunda yaliyokatwa, juisi za barafu na maji ya ziwa yasiyotibiwa. Ugali unaoliwa ungali unafuka moshi hauna kosa.

Mchangiaji, Ujiji

Kijana wangu, umesema vizuri, lakini umeruka jambo. Mwaka 1854 daktari John Snow alipoonyesha kwamba wagonjwa wa mtaa mmoja wa London walikunywa maji ya pampu ya Broad Street, mpini wa pampu uliondolewa. Hawakungoja mabomba mapya. Kufunga basi si ushamba wala woga, ni tiba ya haraka. Vyoo vya mwaloni tumeahidiwa tangu nikiwa na nywele nyeusi, na ile ndoo ya kunawia yenye koki pale penye ngazi nimeipita mara tatu wiki hii, imekauka, na sabuni yake ni kipande kilichotobolewa katikati na kufungwa kwa uzi wa nyavu, kigumu kama jiwe kwa kukosa kuguswa na maji. Mahali pa namna hiyo wewe unataka paachwe wazi kwa matumaini gani?

Mtoa hoja

Shikamoo mzee wangu. Kuhusu ndoo sina la kujibu, kwa sababu nami nimeiona. Kuhusu pampu, naomba tutazame kilichoondolewa: ni mpini wa kisima kilichochafuka, na wakazi wa mtaa hawakufungiwa ndani. Bwana afya akipima maji ya bomba fulani na kuyakuta machafu, alifunge siku hiyohiyo nami nitamshika mkono. Mwalo si kisima. Hata hivyo nakubali kwamba hoja yangu inasimama tu endapo ndoo ile ina maji, na pasipo maji rai yako ina nguvu kuliko nilivyotaka kukiri nilipoanza.

Mchangiaji, mama lishe, Kibirizi

Shikamooni. Mimi ndiye ninayeambiwa nizime jiko, kwa hiyo naomba nami nisikike. Sahani naziosha katika mabeseni mawili, la sabuni na la kusuuzia, na maji nayanunua kwa dumu. Asubuhi beseni la pili huwa safi. Ikifika saa nane mchana, wachuuzi wa dagaa wamejaa na dumu limekwisha, linakuwa na rangi ya mchuzi wa mgebuka, nami najua si sawa. Kubadilisha maji kila baada ya wateja wachache kunahitaji madumu mawili zaidi, na faida ya sahani haiyabebi. Lakini kila gunia la dagaa linalopanda gari hapa linatozwa ushuru, na risiti inakatwa. Ninyi mnaojua kuandika barua, mwaweza kuuliza kiasi gani cha ushuru huo kinaweza kurudi mwaloni kama maji na klorini kabla ya mvua za Novemba?