Ng'ombe wa kikundi Desemba: nani achinje bila watu kununiana?

Katibu_Mchovu: Habari zenu wadau. Kikundi chetu cha kukopeshana huku Mwanza kila mwisho wa mwaka tukivunja tunanunua ng'ombe tunagawana kilo. Tuko mchanganyiko, waislamu, wakatoliki, walokole. Miaka yote anachinja ustaadhi mmoja wa mtaani na hakuna aliyewahi kuhoji. Sasa juzi kwenye kikao mlokole mmoja kasimama, oh kwa nini kila siku wao tu, na sisi tuna mikono. Kina mama wa kiislamu kimya, mmoja akasema basi mie mnirudishie hela yangu. Mnafanyaje huko kwenu jamani?

Mzee wa Bucha: Usilichukulie poa hilo. Sisi wa kanda ya ziwa tunalijua, Februari 2013 pale Buseresere, Geita, mchungaji aliuawa kwa ugomvi huuhuu wa kuchinja. Na waliopigana walikuwa majirani.

Mlokole Mwenzake: Mimi pia mlokole, na hoja ya mwenzetu siyo ya kipuuzi, inauma kuonekana nyama uliyochinja wewe hailiki. Ila Paulo alishawaandikia Wakorintho, sura ya 10, kinachouzwa sokoni kuleni msiulizeulize. Wapo kwetu wanaosema kuelekeza mnyama kibla tayari ni sadaka, hao huwawezi kwa maneno. Wengi wetu lakini imani haitubani kula, wenzetu inawabana, sasa mwenye nafasi ya kuachia si tunajua ni nani? Aachie mwenyewe lakini, akiamrishwa ndo fujo inaanza.

Bint Khamis: Asante kaka. Na sisi tusijifanye jambo ni jepesi, kwenye Kurani, sura ya Al-Maida aya ya 5 inahalalisha chakula cha waliopewa kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, ila masheikh wanatofautiana itumike vipi kwa nyama za leo, je anayechinja kataja jina la Mungu au la. Sasa mama muuza dagaa ataamua hayo kwenye kikao cha kikundi? Anakimbilia usalama, anadai hela yake. Msimbane ajieleze mbele za watu, mfuateni nyumbani.

Fundi Juma: Sisi ng'ombe kachinja muislamu, na waliotaka kuchinja wenyewe wakanunuliwa mbuzi kwa mfuko uleule wa kikundi, kisu chao, masinia yao, kila mtu alijua ipi ni ipi. Ila andikeni kwenye katiba ya kikundi mapema, ng'ombe akishafungwa kamba hapo uani hakuna tena kikao, kuna kelele tu.

Katibu_Mchovu: Bint Khamis nimekupata, jioni napita kwake. Yule mlokole nimempigia kuhusu mbuzi, kakubali chapu ila kauliza utumbo unagawanywa vipi 😂 hilo nalo sijui niliweke kwenye katiba!