Tabaka gumu chini ya udongo wa bondeni: nilivunje, niliache au nipandishe matuta?

Mwanabonde

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina shamba la bondeni Pemba, upande wa Wete, kasoro kidogo ya ekari moja. Limo kati ya vilima viwili vya mikarafuu, na bonde linateremka mpaka kwenye mikoko, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Marehemu baba alilima mpunga hapo kila masika. Mimi nataka baada ya kuvuna nipate pia tungule (nyanya) na bamia, lakini mwaka jana tungule zilinyauka katikati ya kiangazi ilhali jirani yangu wa juu kidogo alikuwa anavuna.

Wiki iliyopita nilichimba shimo kwa pauro na mtaimbo nijue kuna nini. Nimeyaona haya:

Juu kabisa kuna gamba jembamba limepasuka vipande vipande, kila kipande kimejikunja pembeni. Chini ya gamba mpaka sentimita 18 udongo ni wa kahawia unaoelekea kijivu, laini, ukiusugua unabaki kwenye vidole kama unga. Mizizi ni mingi na minyoo imo.

Kutoka 18 mpaka kama 30 pauro inakataa. Hapo ndipo nilipochukua mtaimbo. Udongo unabanduka kwa vipande bapa, kama chapati zilizopangwa, na mizizi ikifika hapo inapinda inakwenda ubavuni. Chini ya hapo unalainika tena, rangi ya kijivu yenye madoa ya kutu, na mengi ya madoa hayo yamefuata njia za mizizi ya zamani. Baada ya sentimita 55 ni kinamo tupu, ule udongo wa mfinyanzi, kijivu cha kuelekea buluu, kinanata kwenye pauro. Maji yalianza kuchuruzika kwenye 90.

Sasa nimeambiwa mambo matatu na watu watatu. Mmoja anasema livunje hilo tabaka gumu shamba zima. Wa pili anasema ukilivunja umeua mpunga. Wa tatu anasema liache, pandisha matuta juu yake. Nani yuko sahihi?

Bi Mpunga

Waalaykumu salaam mwanangu. Usivunje. Hilo tabaka ndilo sakafu ya jaruba lako. Baba yako na ng'ombe wake walilitengeneza kwa miaka, kila msimu wanavuruga tope na kulikanyaga, na lile tope likituama linaziba matundu yote ya chini. Bila ya hilo utajaza maji asubuhi, jioni huyaoni.

Mwenzetu mmoja huku kwetu aliingiza trekta la jembe refu. Mwaka uliofuata trekta la kuvurugia likazama mpaka kwenye ekseli, tukalivuta kwa kamba watu wazima kumi na wawili. Maana sakafu haishiki maji tu, inabeba na mzigo. Na mpunga wake ulikaa na njaa ya maji katikati ya masika, jambo ambalo sijaliona kwenye bonde letu tangu niolewe.

Kijana wa Konde

Kwa heshima Bi Mpunga, lakini mpunga wa masika unampa nini kijana wa leo? Tungule zina pesa ya haraka. Mimi ningevunja, nikachimba na mtaro mrefu wa kutoa maji mpaka chini ya bonde, na jambo likaisha.

Udongo Kazi

Mwanabonde, umelieleza shimo lako vizuri kuliko fomu nyingi nilizowahi kuzisoma. Kabla hatujachagua, tujue kwanza udongo wenyewe ni nini.

Chembe za mchanga unaziona kwa macho, na kubwa yake hufika milimita 2. Chembe za kinamo ni ndogo kuliko milimita 0.002. Baina ya 0.002 na 0.05 ndimo zimo chembe za mashapo, yale yanayobebwa na maji ya mvua kutoka mlimani na kutuama bondeni. Sifa ulizozitaja zinaelekea huko: unga unga, haukwaruzi kama kichanga, haunati kama kinamo. Lowesha donge, lifinye utepe kwa kidole gumba na cha shahada. Ukikatika kabla ya kufika sentimita mbili na nusu, na ukiwa laini bila kukwaruza, basi mashapo ndiyo mengi.

Fanya na jaribio la chupa. Thuluthi ya chupa udongo wa juu, maji mpaka karibu na shingo, chembe ya sabuni ya unga, tikisa sana, kisha iweke mahali isipoguswa. Tia alama baada ya dakika moja (huo ni mchanga), baada ya saa mbili (mashapo), na siku ya pili maji yakisafika (kinamo). Halafu chukua kopo unalojua ujazo wake, lisukume kwenye udongo wa juu bila kuubana, ukaushe, uupime uzito. Fanya hivyo hivyo kwenye lile tabaka gumu.

Na swali ambalo hujalijibu: kiangazi kikikolea, kuna weupe wowote juu ya ardhi?

Mwanabonde

Nimerudi na majibu. Utepe ulikatika kwenye sentimita mbili hivi. Kwenye chupa tabaka lote ni sentimita 10: mchanga 2, mashapo 6, kinamo 2. Kopo langu ni la lita moja: udongo wa juu mkavu umetoa kilo 1.2, tabaka gumu kilo 1.6.

Weupe upo, si shamba zima. Uko ile kona ya chini inayoelekea mikokoni, mwezi wa Januari na Februari. Nilidhani ni mbolea.

Udongo Kazi

Basi ni udongo wa mashapo hasa. Chupa huikuza kidogo sehemu ya kinamo kwa sababu kinamo hutuama kikiwa kimevimba, lakini picha haibadiliki: zaidi ya nusu ni mashapo.

Uzuri wake mkubwa ni kushika maji ambayo mmea unaweza kuyanyonya. Kila sentimita 10 za udongo kama huo hushika kama milimita 20 za maji ya kutumika. Kichanga hushika chini ya nusu ya hapo. Kinamo hushika maji mengi lakini sehemu kubwa inayakumbatia, mzizi hauyapati.

Sasa piga hesabu ya tungule zako. Mizizi imefungiwa kwenye sentimita 18. Hapo pana kama milimita 36. Tungule iliyokomaa kwenye jua la kiangazi hutumia kama milimita 4 mpaka 5 kwa siku, na huanza kuteseka maji yakifika nusu. Kwa hiyo siku nne tu bila kumwagilia, mmea umeshaanza kulia. Jirani yako wa juu huenda hana sakafu hiyo, mizizi yake inateremka nusu mita.

Kilo 1.6 kwa lita maana yake matundu yamebanwa. Kwa udongo wa mashapo, ukikaribia hapo mizizi mingi hushindwa kupita, na wewe mwenyewe umeiona ikipinda. Madoa ya kutu nayo yana habari. Udongo ukijaa maji, hewa hutoka, chuma kilichomo hupoteza oksijeni na rangi hugeuka kijivu. Pale ambapo mzizi wa mpunga ulipeleka hewa, chuma kilipata kutu tena. Ndiyo maana madoa yamefuata njia za mizizi. Kwa hiyo ile sehemu ya chini ya sakafu hukaa ndani ya maji sehemu ya mwaka hata ukivunja.

Ubaya wa mashapo ni kwamba chembe zake hazishikani. Kinamo kina gundi yake, kikikauka kinajikaza na kupasuka, na tabaka hufunguka lenyewe. Mashapo yakipigwa na matone ya mvua husambaratika, yakikauka ndilo hilo gamba lako la juu. Ukivunja tabaka gumu kwa mtaimbo au jembe refu halafu ukalimwagia maji bila ya kutia kitu cha kulishikilia, litajifunga tena ndani ya msimu mmoja au miwili. Na ukilivunja likiwa mbichi huvunji chochote, unapaka tu kama unayesiliba ukuta.

Bi Mpunga

Umesema kweli. Na mimi sikujua hayo ya kutu, ingawa nimeyaona madoa hayo maisha yangu yote.

Tungule za Mwera

Mimi niko Unguja, na shamba langu ni la bondeni pia, sakafu yangu iko kwenye sentimita 20. Nililijaribu la kuvunja kwanza. Robo ekari, vibarua wanne, siku sita za mtaimbo mwezi wa Septemba. Mwaka wa kwanza tungule zilikuwa nzuri sana. Mwaka wa pili nikachimba tena kwa hamu, nikaikuta sakafu imerudi, labda nyembamba kidogo. Nilitaka kukaa chini nilie.

Nikahamia matuta. Unachofanya ni kuuvuta udongo mzuri wa juu kutoka kwenye njia na kuulundika. Tuta la upana wa mita moja, njia za nusu mita baina yake. Tabaka lako laini la juu la sentimita 18 linakuwa karibu 27 juu ya tuta, na ukiongeza samadi iliyooza unafika 30 na zaidi. Mizizi imepata nyumba kubwa bila ya kugusa sakafu, na mvua ya ghafla ikija maji yanakaa njiani, hayakai kwenye shina. Mpunga ukirudi unasawazisha, unavuruga kama kawaida.

Kazi ipo, sifichi. Kusawazisha kila mwaka kunachosha kuliko kupandisha. Na tuta la udongo wa mashapo likiachwa wazi linameguka kingo kwa mvua. Funika. Mimi natumia mabua ya mpunga na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, juu na ubavuni. Tangu nianze kufunika gamba sijaliona, na miche ya bamia inatoka yote siku moja. Kabla ya hapo nilikuwa nalivunja gamba kwa mkono, tundu baada ya tundu, na nusu ya mbegu zilikuwa zimeshafia chini.

Kijana wa Konde

Na mtaro wangu wa kutoa maji je? Hakuna aliyeujibu.

Udongo Kazi

Nilikuwa nauacha kwa makusudi kwa sababu ndio unaonitia hofu zaidi, kaka. Bonde hili linafunguka mikokoni. Mtaro mrefu unaotoa maji wakati wa mvua ni mlango ule ule bahari inaoingilia wakati wa bamvua. Pemba mabonde kadhaa ya mpunga yameshaingia chumvi, na watu wanahangaika na matuta ya kuzuia bahari. Ukichimba, lazima uwe na mlango wa kufunga, na mtu wa kuufunga usiku wa manane maji yakijaa.

Weupe wa ile kona ndio habari kubwa kuliko zote hapa. Udongo wa mashapo hunyonya maji kutoka chini kama utambi wa kandili, na unaweza kuyapandisha mita moja na zaidi. Maji yako yako kwenye 90. Kama yana chumvi, kiangazi yanapanda, yanakauka juu, chumvi inabaki. Onja huo weupe kwa ncha ya ulimi. Ukiwa ni chumvi, kona hiyo usipande tungule wala bamia, na usiache ikae uchi kiangazi. Funika, na masika acha maji ya mvua yakae jarubani kisha uyatoe yaondoke nayo. Hapo sakafu inakuwa na faida nyingine: inapunguza kasi ya maji ya chini kupanda. Ukiivunja, umeufungulia utambi njia.

Mzee wa Karafuu

Mbona hakuna aliyesema mikarafuu? Bei ipo.

Bi Mpunga

Ami, mkarafuu hautaki miguu majini. Ndiyo maana wazee waliuweka kilimani.

Mwanabonde

Nimeonja. Ni chumvi. Moyo umenisononeka kidogo, kwa sababu kona ile ndiyo baba aliyokuwa akiisifu kwa mpunga mnene, na sikumbuki weupe huo nilipokuwa mdogo.

Nimeamua hivi. Kona ya chini inabaki mpunga peke yake na sakafu yake, na mwaka huu nitaifunika mabua badala ya kuyachoma. Sehemu ya kati napandisha matuta kama alivyoeleza wa Mwera, nianze na matuta sita tu. Kule juu, karibu na kilima, nimechimba shimo la pili jana: sakafu ipo lakini unene wake ni sentimita tano, na chini yake hakuna kijivu, ni udongo mwekundu uliomomonyoka kutoka mlimani. Hapo nauliza tena, maana naona kama ni mahali tofauti kabisa.

Udongo Kazi

Ni mahali tofauti kweli. Hapo kuvunja kunaingia akilini, kwa sababu chini hakuna maji yaliyosimama wala chumvi, na mzizi ukipita una pa kwenda. Lakini usivunje yote. Vunja mistari tu, pale utakapopanda, ukiwa mkavu kiasi cha donge kuvunjika mkononi na si kufinyika. Jaza ufa kwa samadi na mabua pale pale kabla udongo haujarudi. Kisha panda mbaazi mwanzo, tungule baadaye. Mzizi wa mbaazi ni mrefu, na ukifa unaacha tundu ambalo mtaimbo hauwezi kulitengeneza.

Tungule za Mwera

Mbaazi nilizikosa mimi mwaka ule. Laiti ningejua.

Mwanabonde

Nimevunja mistari miwili leo asubuhi kujaribu. Nilimwaga ndoo moja kwenye mstari uliovunjwa na ndoo moja kwenye shimo dogo nililoliacha na sakafu yake. Uliovunjwa umekauka kabla ya adhuhuri. Lile lingine, saa hizi magharibi inaingia, maji yameshuka upana wa vidole viwili tu. Mbegu za mbaazi anazo nani huku Wete? Vuli iko mlangoni.

Bi Mpunga

Ninazo mimi mwanangu, za mwaka jana, kavu. Njoo Ijumaa baada ya sala, na uje na mfuko.