Mjadala: Ubingwa wa mezani wa vyuo vya Marekani, je, Alabama waufute wa 1941?

Wadau, kuna jambo limenikwama kooni tangu wiki iliyopita, naomba tulijadili bila kutukanana.

Kazini kwangu yupo mzee mmoja, mzaliwa wa Alabama, ana kikombe cha kahawa ambacho hakimtoki mkononi. Kimezungushiwa miaka yote ambayo Chuo Kikuu cha Alabama kinasema kilitwaa ubingwa wa taifa wa futiboli ya Kimarekani. Juzi alikiweka mezani nikapata nafasi ya kuisoma: 1925, 1926, 1930, 1934, 1941, kisha inaruka mpaka 1961 na kuendelea. Mataji 18 kwa jumla. Nikamuuliza, "Mzee, huu wa 1941 mliupataje?" Akakigeuza kikombe, akautazama ule mwaka muda mrefu, akasema, "Mwanangu, tangu nianze kuhesabu nimeukuta umo."

Nikaenda kutafuta mwenyewe, na nilichokikuta ndicho kilichonileta hapa.

Msimu wa 1941 Alabama walishinda mechi 9, wakafungwa 2. Mississippi State waliwafunga 14-0, Vanderbilt wakawafunga 7-0. Hata ubingwa wa kanda yao ya SEC hawakuupata, waliuchukua haohao Mississippi State. Kwenye kura za mwisho za waandishi wa habari wa shirika la AP, Alabama walishika nafasi ya 20. Ya ishirini, ndugu zangu! Namba moja walikuwa Minnesota, ambao hawakupoteza mechi hata moja. Sasa hili taji lilitoka wapi? Kulikuwa na mtu aliyeitwa Houlgate, mwenye hesabu zake za kupanga timu, na hesabu zile ziliweka Alabama juu. Taji likakaa kimya zaidi ya miaka 40. Halafu miaka ya 1980 ofisi ya habari za michezo ya chuo ikapekua makabrasha, ikaongeza mataji 5 kwa mpigo, na la 1941 likiwemo.

Kwa ambao hawaufuatilii mchezo huu, najua mnajiuliza inawezekanaje. Sisi tumezoea ligi: mnacheza nyumbani na ugenini, pointi zinahesabiwa, mwenye nyingi ndiye bingwa, basi. Kwao NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, hutoa ubingwa wa kikapu, wa riadha, wa kuogelea, hata wa futiboli kwa vyuo vya ngazi ya chini. Ngazi ya juu kabisa ya futiboli haijawahi kuipa kombe lake. Inachofanya ni kuorodhesha katika kitabu chake cha kumbukumbu kila aliyemtaja bingwa: waandishi waliopiga kura kuanzia 1936, makocha kuanzia 1950, na watu binafsi wenye kanuni zao za hesabu. Kwa hiyo mwaka mmoja unaweza kuwa na mabingwa watatu, na kila chuo kinachagua karatasi inayokipendeza.

Huu ndio ubingwa wa mezani, wadau, na meza yenyewe imewekwa miaka 40 baada ya wachezaji kuoga na kwenda nyumbani.

Msimamo wangu ni huu. Dai la ubingwa lipimwe kwa swali moja: lilitolewa lini? Kama lilitolewa msimu uleule, mbele ya wapinzani walio hai na wenye uwezo wa kujibu, nitaliheshimu hata kama silipendi. Kama lilifukuliwa na ofisi baadaye, wakati wale wa upande wa pili wameshazeeka au wamekufa, lifutwe. Minnesota wa 1941 waliocheza msimu mzima bila kufungwa nani aliwauliza?

Wapo watakaosema ninawaonea Alabama. Hapana. Yale manne ya 1925, 1926, 1930 na 1934 sina ugomvi nayo mkubwa, ingawa nayo yaliongezwa wakati huohuo. Timu zile hazikufungwa, na kura za AP hazikuwapo bado. Tena kipimo changu kinawalinda mahali ambapo wengi huwashambulia. Mwaka 1964 AP na makocha waliwapa ubingwa kabla ya mechi za mwisho wa msimu, kisha wakafungwa na Texas 21-17 kwenye moja ya mechi hizo, Orange Bowl. Mwaka 1973 makocha waliwapa tena mapema, nao wakafungwa na Notre Dame 24-23 kwenye Sugar Bowl. Inauma kumwita bingwa mtu aliyetoka kupigwa, lakini hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya wakati ule na kila mtu aliijua kabla ya kuingia uwanjani. Walioitunga waliona aibu wakaibadilisha. AP wakahamia kupiga kura baada ya mechi zote, moja kwa moja tangu 1968, na kura ya makocha ikafuata 1974. Alabama walishinda kwa kanuni iliyokuwapo, waachiwe.

Sasa tuje kwa UCF, yaani Chuo Kikuu cha Central Florida, maana hapo ndipo wengi hucheka na mimi sicheki. Chuo hiki cha Orlando mwaka 2015 kilifungwa mechi zote 12. Miaka miwili baadaye, msimu wa 2017, kikashinda zote 13. Ya mwisho waliwafunga Auburn 34-27 kwenye Peach Bowl, na Auburn hao ndio waliokuwa wamewafunga Georgia 40-17 na Alabama 26-14, yaani timu zote mbili zilizocheza fainali ya msimu ule. Lakini kamati ya watu waliokuwa wakikaa chumbani wakati ule kuchagua timu nne za mtoano wa kumpata bingwa, mtoano usio wa NCAA, ilikuwa imewaweka UCF nafasi ya 12. Mlango haukufunguliwa hata nusu.

UCF wakajitangaza mabingwa. Wakafanya gwaride Disney World, wakatundika bango uwanjani. Mfumo mmoja wa hesabu unaoitwa Colley Matrix uliwaweka namba moja, na kitabu cha NCAA kimeliandika hilo. Watu wakawacheka kwamba ni watoto wanaojivika taji la karatasi. Mimi nasema dai lao lina heshima mara kumi kuliko la 1941. Walilitoa jasho likiwa bado bichi, vijana walewale wakiwa wamesimama pale, na Alabama na Georgia wakiwa hai wenye uwezo wa kusema "njooni tucheze". Kama ungemwona Shaquem Griffin, aliyekatwa kiganja cha mkono wa kushoto akiwa mtoto, akiwakimbiza Auburn siku ile mpaka akapewa tuzo ya mlinzi bora wa mechi, ungeelewa kwa nini hawakukubali kuambiwa wamalize msimu kimyakimya.

Hoja dhidi yao naifahamu: wapinzani wao wengi walikuwa dhaifu, na Georgia nao waliwalipa Auburn 28-7 baadaye. Ni kweli. Lakini ratiba si wao peke yao walioipanga. Mechi yao na Georgia Tech ilifutwa kwa sababu ya kimbunga Irma. Na ukitaka kupima kwa haki, Alabama hawakushinda hata upande wao wa kanda mwaka huo, na bado waliitwa.

Nataka pia tusidanganyane kwamba kinachoamuliwa uwanjani ni safi siku zote. Tarehe 6 Oktoba 1990, Colorado wapo ugenini Missouri, wako nyuma kwa 31-27, wamebakiza yadi 3 kufika mstari wa kufungia, na sekunde chache. Sheria inawapa majaribio manne. La kwanza, Charles Johnson, mgawa mpira wa Colorado, anaupiga mpira chini makusudi ili saa isimame. La pili, mwenzake Eric Bieniemy anakimbia na mpira anazuiwa. Wanaomba muda, na hapo anayeshika kibao cha kuhesabu anasahau kukigeuza. La tatu Bieniemy anazuiwa tena, huku kibao kikisema ni la pili. La nne Johnson anaupiga tena mpira chini, kwa sababu kibao kinamwambia bado anayo moja. Mchezo ulipaswa kuisha pale. Waamuzi wakawaruhusu jaribio la tano, Johnson akajitupa mstarini, ikawa 33-31.

Kocha wa Colorado, Bill McCartney, alikataa kuurudisha ushindi ule. Mwisho wa msimu AP wakawapa Colorado ubingwa, na makocha wakawapa Georgia Tech, ambao hawakufungwa, kwa tofauti ya pointi moja ya kura. Kwa kipimo changu Colorado wanabaki na taji lao, maana wapiga kura waliyajua yote wakaamua wakati uleule. Missouri wana haki ya kuendelea kulalamika mpaka kesho.

Penye ugumu kwangu ni Auburn. Mwaka 2025 walitangaza kwamba sasa wanahesabu mataji 9, la 2004 likiwemo. Kwa kanuni yangu nilipaswa kulifuta palepale. Lakini 2004 walishinda mechi zote 13 na wakaachwa nje ya fainali. Walioitwa, USC (Chuo Kikuu cha Southern California), wakawapiga Oklahoma 55-19, kisha 2011 wakanyang'anywa taji la BCS, mfumo uliokuwa ukipanga fainali, kwa kumchezesha mchezaji aliyepokea fedha kinyume cha sheria. Kiti kikabaki kitupu, ingawa AP hawakuiondoa kura yao. Auburn walilalamika tangu siku ya kwanza, na wachezaji wao wengi wapo hai. Ila tangazo limekuja baada ya miaka 20, na limetoka ofisini.

Nimeligeuza hili usiku mbili, sijapata upande. Ninyi mnaoufuatilia mchezo huu, hasa mliokuwa huko mwaka ule: malalamiko ya 2004 yanatosha kuhesabiwa kuwa dai la wakati wake, au Auburn nao wakae benchi moja na Alabama wa 1941?