Msitu mdogo wa binafsi: mailo, frihodi, au leseni ya hifadhini?

Mpandaji wa Mityana: Ndugu zangu, nimeweka akiba ya kununua ekari chache za msitu ambazo ningependa watoto wangu wazirithi. Nina njia tatu: kipande cha mailo (ardhi ya hati ya kudumu, ambayo wengine wanaweza kuwa na haki ya kuikalia) hapa Mityana, Uganda, chenye misizi (miti ya asili ya mbao) na mivule michache kando ya kijito, nyika tupu ya frihodi (umiliki kamili wa kudumu) huko Kiboga, au leseni ya kupanda miti katika hifadhi inayosimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Misitu. Mngenishauri nini?

Mzee wa Masindi: Mwanangu, kabla ya kulinganisha miti, linganisha haki utakayokuwa nayo juu ya ardhi. Leseni haikulazimu kununua ardhi, na hilo ni nafuu kubwa. Lakini unachomiliki ni miti uliyoipanda, tena kwa masharti, na ardhi yenyewe hubaki hifadhi. Kwa kuwa unawaza urithi, mimi ningeiweka ya mwisho.

Dada Nakasongola: Nakubaliana na mzee, ila mailo nayo ina mtego wake. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda aliyeikalia na kuiendeleza ardhi bila kupingwa na mwenye hati kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Kwa hiyo usitosheke na kuikagua hati katika ofisi ya ardhi. Tembea mipaka yote pamoja na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na majirani, uliza kila kibanja (kipande cha mkaaji asiye na hati) ni cha nani, na ikiwa familia ya muuzaji inaishi hapo, hakikisha mwenzi wake ameridhia kwa maandishi.

Fundi Mbao: Frihodi ya Kiboga ingenivutia zaidi. Paina zikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja huchukua miche kama 450, lakini lazima uzipogoe na kuzipunguza kwa wakati, kwa sababu zikiachwa zimesongamana hubaki nyembamba na hazitoi mbao za maana. Anayetaka fedha mapema hupanda mikaratusi ya nguzo. Hapo jihadhari na mchwa: mche hunyauka ghafla ukiwa na majani yake yote, na ukiuvuta unakufuata mkononi, kwa maana umeshaguguniwa shingoni.

Dada Nakasongola: Huku kwenye ukanda wa mifugo, adui mkubwa kuliko mchwa ni moto. Wapo wachungaji wanaochoma nyasi kiangazi ili zichipue upya, basi njia za kuzuia moto zilimwe hadi udongo uonekane kabla ya Desemba. Zungumza nao mapema, kwa heshima. Jirani aliyeshirikishwa ndiye atakayekimbilia moto usiku.

Mpandaji wa Mityana: Nashukuru sana. Leseni nimeiacha. Naomba kujua, ile misizi ya Mityana inaweza kuingiza chochote bila kufyekwa?

Mzee wa Masindi: Inaweza, ukivuna mti mmoja mmoja uliokomaa, kwa kibali, na kuyatunza machipukizi yanayoota chini yake. Mivule iache, maana hukomaa kwa miongo mingi, na kando ya kijito usikate kitu wala usipande mkaratusi. Vibanja vikionekana havina mgogoro, nunua Mityana: msitu ulio hai tayari ni vigumu kuupata, ilhali nyika ya kupanda paina utaipata hata baadaye.