Wakuu, nauza nyumba Kinyerezi na mimi niko Mwanza: nimpe dalali au niuze mwenyewe?

Sangara wa Kirumba:
Habari za jioni wakuu. Nisiwachoshe, niende kwenye mada. Nina nyumba Kinyerezi, vyumba vitatu kimoja masta, ina uzio na geti, kiwanja mita za mraba 600, hati ipo kwa jina langu. Kazi imenihamishia Mwanza na dalili ya kurudi Dar siioni, hivyo mimi na mke wangu tumekubaliana tuuze tujenge huku Buswelu. Tunataka milioni 130.

Dalali niliyepewa namba yake anadai asilimia 5, yaani milioni 6.5. Shemeji yangu aliyeko Tabata anasema huo ni wizi wa mchana. Anasema nipige picha, niweke Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp, halafu yeye atakuwa anawaonyesha wateja Jumamosi. Kusema kweli namwelewa. Nimepanga nyumba Dar miaka mingi, madalali nawajua: unatoa elfu ishirini ya kuonyeshwa chumba, unafika unakuta kilishapata mtu. Ila kuuza sijawahi. Hivi dalali anafanya nini hasa cha kulipwa milioni 6.5? Wajuzi naombeni muongozo, matusi tuweke pembeni.

Kichwa Ngumu:
Milioni sita na nusu kwa kufungua geti! Uza mwenyewe mkuu.

Binti Segerea:
Kufungua geti ndiyo kazi ndogo kuliko zote, Kichwa Ngumu. Sisi tuliuza nyumba ya marehemu baba, na mwanzoni tulijiuzia wenyewe hivyo hivyo kwa picha za simu. Watu waliita, tena wengi. Yupo anayeuliza "bei ya mwisho?" kabla hajauliza nyumba iko wapi. Yupo anayekuja na familia nzima, anasifu marumaru, anaomba maji ya kunywa, humwoni tena. Na wapo madalali wanaojifanya wanunuzi ili wapige picha wakaitangaze kwa bei yao. Kaka yangu alikuwa anashinda pale kila mwisho wa wiki.

Tukampa dalali wa mtaa ule ule, mtu mzima, anafahamika. Wateja wakapungua, lakini kila aliyeletwa alikuwa ameshaulizwa hela yake iko wapi: ipo benki, anasubiri mkopo, au anasubiri kuuza shamba. Huyo wa shamba hakuletwa kabisa.

Kitu kingine ni bei. Sisi tulipanga yetu kwa kusikia jirani aliuza ngapi. Dalali akatuambia jirani aliuza ngapi kweli, maana alikuwepo wakati hela zinahesabiwa. Jirani alikuwa ametuongopea kwa mamilioni kadhaa. Hapa kwetu hakuna mahali utakapoenda usome nyumba za mtaa fulani ziliuzwaje, na bei ya kwenye tangazo ni matumaini ya mwenye nyumba tu. Bei halisi anazo aliyekuwepo mezani.

Mzee wa Kijiweni:
Mimi ni dalali, kwa hiyo mnichuje mnavyotaka. Nakazia alichosema dada hapo juu na naongeza moja ambalo wenye nyumba hawapendi kuambiwa. Mnunuzi akikaa na mwenye nyumba, akasema jiko ni dogo, mwenye nyumba ananuna. Anaanza kueleza alivyobeba mchanga mwenyewe. Biashara imekufa hapo. Mimi akiniambia jiko dogo namjibu ni dogo kweli, ila ukuta huu unabomoleka, na kisima kipo, na masika gari inafika mpaka getini. Jiko si langu, sina cha kununa.

Mnunuzi naye kuna maneno hawezi kumwambia mwenye mali usoni, ananiambia mimi: "Mzee, nina 118, ninaweza kusogea mpaka 125." Hiyo shemeji yako hataisikia.

Kichwa Ngumu:
Sasa mzee, si ungemwambia pia habari ya cha juu?

Mzee wa Kijiweni:
Namwambia, tena leo. Dalali akikwambia "wewe sema unataka ngapi, itakayozidi niachie," kataa. Wewe umesema 130, yeye anataja 150 huko nje. Anakuja mtu ana 133 mkononi, anaona bei iko mbali, anaondoka, na wewe hutajua kama alikuja. Miezi inapita unalaumu soko. Kubalianeni asilimia, iandikwe, na iandikwe kwamba bei anayotajiwa mnunuzi ni ile ile unayoijua wewe. Halafu usikae mezani siku ya malipo bila kujua aliyeleta mteja ni nani. Wakati mwingine dalali wako ana dalali wake, na wote wanakuja kudai. Mkataba useme unamlipa mmoja, wenzake atajuana nao mwenyewe.

Asilimia 5 si msahafu, inazungumzika. Kwa nyumba ya bei hiyo nimewahi kuchukua 3.

Karani Mstaafu:
Mmeongea vizuri, ila msimbebeshe dalali kazi isiyo yake. Dalali anakuletea mtu na kukusaidia bei. Karatasi ni za wakili na ofisi ya ardhi.

Mleta uzi, umesema mmekubaliana na mkeo. Hilo liwe kwenye maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lako peke yako. Mnunuzi mwenye wakili mzuri ataiomba ridhaa hiyo kabla hajaomba chai.

Lipa pango la ardhi lote linalodaiwa, uwe na risiti mkononi. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, yaani unaponunua umeme, tangu 2021, hiyo haikusumbui sana. Mnunuzi atafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kuona kama nyumba imewekwa rehani au ina zuio, mwache afanye, ni haki yake. Uhamisho utahitaji ripoti ya uthamini iliyopitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, halafu TRA, mamlaka ya mapato, watataka kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida yako kwa mkazi wa Tanzania. Nimesema faida, si bei. Kwa hiyo risiti za saruji, nondo na mabati zitafute popote zilipo, hata kama ziko kwenye boksi la viatu.

Na hela ipite benki, iingie kwenye akaunti yako, si ya dalali wala ya shemeji. Dalali alipwe ikishaingia.

Mtu wa Likoni:
Nawasoma nikiwa Mombasa. Huku kwetu ajenti wa nyumba ana sheria yake, Sura ya 533, na anatakiwa awe amesajiliwa na bodi. Kwa hivyo swali la kwanza ni namba ya usajili. Matapeli hawajaisha, lakini angalau unajua pa kumshtaki. Ndugu zangu wa Tanzania, nyinyi mnamjuaje dalali wa kweli?

Binti Segerea:
Kwa kijiwe chake, kaka. Yule wetu nilimuuliza nyumba mbili alizouza karibuni, nikaenda nikabisha hodi kwa waliohamia. Na ofisi ya serikali ya mtaa nilimuulizia, wakamtaja kwa jina la mtoto wake.

Kichwa Ngumu:
Basi ampe madalali kumi, atakayewahi awahi.

Mzee wa Kijiweni:
Akifanya hivyo nyumba moja itatangazwa kwa bei nne, na mnunuzi akiona hivyo anajua mwenye nayo ana shida ya hela. Ampe mmoja kwa maandishi, miezi mitatu, akizembea amwondoe.

Sangara wa Kirumba:
Wakuu, shukrani sana. Nimeelewa. Dalali nampa, ila namwandikia mkataba wa miezi mitatu, asilimia 4, hakuna cha juu. Shemeji nitamwomba awe macho yangu, aende aone wateja wanaoletwa. Na mke ameshasema atasaini. Swali la mwisho: mpangaji nimtoe kabla au baada?

Karani Mstaafu:
Mpangaji?

Sangara wa Kirumba:
Ndiyo mkuu, kuna familia inaishi pale. Wamelipa kodi mpaka Desemba.

Mzee wa Kijiweni:
Kaka, hilo ungeanza nalo. Mnunuzi wa kuhamia na mnunuzi wa kupangisha ni watu wawili tofauti, na mimi siwapati sehemu moja. Usimtoe mtu aliyelipa. Wanalipa ngapi kwa mwezi, na mkataba wao unao?