Tasnifu imelala ofisini kwao miezi saba, ada ya kuchelewa nalipishwa mimi

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa kwenye pantoni navuka kurudi Kigamboni. Mkononi nina karatasi yenye namba ya malipo: shilingi 450,000, ada ya kuendelea kusajiliwa kama mwanafunzi wa uzamili, ndiyo hiyo ada ya kuchelewa. Ni mara ya tatu napewa karatasi hii. Tasnifu yangu niliikabidhi Machi 2023, imekamilika, msimamizi kasaini kila ukurasa unaotakiwa saini. Tangu siku hiyo hakuna darasa nililokaa, hakuna kitabu cha maktaba nilichoazima, hakuna mhadhiri aliyenifundisha chochote. Nalipia kusubiri.

Chuo sikitaji, faili langu bado liko mikononi mwao. Tosheka kujua ni chuo cha umma hapa Dar, na kila mwaka kinajitangaza kuwa kitovu cha utafiti.

Niwaeleze kilichotokea Oktoba 2023. Nilikuwa nimeshapiga simu mpaka nimechoka, jibu ni lilelile: "Kaka, wewe subiri, ipo kwa mtahini wa nje," yaani msomi wa chuo kingine anayeisahihisha. Siku hiyo nikasema leo siondoki. Nikaenda masjala, nikaomba angalau nione tarehe ilipotumwa. Dada wa pale, Mungu ambariki, akafungua daftari la barua zinazotoka, akashuka na kidole mstari kwa mstari, Machi, Aprili, Mei. Jina langu hakuna. Akaniangalia, akainuka, akaenda nyuma ya mlango kulikokuwa na maboksi ya vijitabu vya mitihani. Akatoa boksi la kwanza, la pili. Chini kabisa, sakafuni, ipo bahasha ya kaki, imefungwa kwa gundi na selotepu, juu yake jina la mtahini na la chuo chake. Kona moja imelowa maji ya mvua na kukauka mpaka imekunjamana. Miezi saba. Haijawahi kutoka hata nje ya jengo.

Simlaumu yule dada. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba idara ilikuwa haijaidhinisha malipo ya mtahini, na bila idhini hiyo masjala hairuhusiwi kutuma. Hakuna aliyeniambia. Hakuna aliyemwambia msimamizi wangu. Na mwezi uliofuata, Novemba, mfumo ukanitolea ada ya kuchelewa ya kwanza.

Kuchelewa kwa nani?

Nikaandika barua kueleza yote, nikaambatisha nakala ya ukurasa wa daftari la masjala. Jibu lilikuja kwa mdomo, koridoni: "Mfumo hautambui sababu, unatambua kama umesajiliwa au hujasajiliwa." Nikalipa, kwa sababu usipolipa jina linafutwa. Nilikopa kwa shemeji. Ripoti ya mtahini ilirudi Desemba 2024, marekebisho madogo tu, na Novemba yake nilikuwa nimeshalipa mara ya pili. Aprili 2025 nikaitetea tasnifu mbele ya jopo, nikapita. Marekebisho nilimaliza ndani ya wiki mbili. Tangu Mei nasubiri Seneti ya chuo ipitishe jina langu kwenye orodha ya wahitimu, na jina halikuingia kwenye orodha kwa kuwa fomu moja ilikosa saini ya mkuu wa idara aliyekuwa safarini Dodoma. Ndiyo maana leo nina karatasi ya tatu. Jumla ni shilingi 1,350,000, na hapo sijahesabu nauli.

Kaka yangu ni wakala wa forodha, yuko bandarini miaka kumi na tano. Nilipomsimulia alishangaa kuliko nilivyotarajia. Kwao hesabu za kuchelewa ndiyo maisha ya kila siku. Mzigo ukikaa bandarini kupita siku za bure, mwenye mzigo analipa tozo. Kontena tupu ukichelewa kulirudisha kwa kampuni ya meli, unalipa kwa siku. Na meli ikicheleweshwa kupakua kupita muda wa mkataba, aliyeikodi anamlipa mwenye meli. Aliniuliza swali moja tu: "Hao wasomi wenu, aliyecheleweshwa ndiye anamlipa aliyechelewesha?" Sikuwa na jibu. Jiji zima linaishi kwa bandari ile na kanuni hii wapagazi wanaijua, ila chuoni haijafika.

Watu wasiojua mambo haya wataniambia nivumilie, cheti kitakuja. Basi jueni hasara yenyewe. Nafasi za mhadhiri msaidizi zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na wanataka GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 4.0 kwenye uzamili. Ninayo. Lakini matangazo yaleyale yanasema wazi kwamba hati za muda na matokeo nusunusu hayapokelewi. Tangazo linakaa wiki mbili, linafungwa. Mawili yamenipita nikiyaangalia kwenye simu. Barua ya chuo kwamba "amekamilisha, anasubiri kuhitimu" haina kazi pale.

Halafu kuna utafiti wenyewe, na hapa ndipo roho inaponiuma zaidi. Nilifanya Soko la Samaki la Feri, juu ya samaki wanavyoharibika kati ya kushushwa botini na kufika mnadani. Msimu wa kaskazi na msimu wa kusi, saa kumi alfajiri niko pale na kipimajoto, namchoma kibua mgongoni, naandika joto, nampima tena akishafika kwenye meza ya mnada. Kina mama wanaokaanga samaki walinipa muda wao bila kunidai hata mia. Kuna mama mmoja alikuwa ananiwekea kigoda niandike vizuri. Niliwaahidi wote kwamba matokeo yakitoka nitayarudisha sokoni, kwa Kiswahili, waone barafu inapotea wapi na wanapunjwa wapi. Yule mama kila nikishuka pantoni ananiuliza, "Mwanangu, ile karatasi yetu imetoka?" Takwimu ni za 2021 na 2022. Bei ya barafu ya wakati ule leo haipo. Matokeo yanaoza kabatini kama samaki aliyekosa barafu, na aliyenikataza kuyatoa kabla ya chuo kuyapitisha ndiye aliyeyafungia nyuma ya mlango.

Wasiniambie ni uhaba wa rasilimali. Vyuo vya umma nchi nzima vinajengewa majengo kupitia mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021, na deni hilo tutalilipa sisi na watoto wetu. Majengo tunayahitaji, sikatai. Lakini posho ya mtahini mmoja na bahasha ya kwenda posta hazihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Elimu ya chuo kikuu nchini hapa ilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, wanafunzi wachache wa sheria, wiki chache kabla ya Uhuru. Walianzia kwenye jengo la chama, hawakuwa na mfumo wa kompyuta wa kusingizia.

Na pale ukutani, hatua tatu kutoka kwenye mlango ule wenye maboksi, umetundikwa Mkataba wa Huduma kwa Mteja ndani ya fremu ya kioo.

Ninachotaka: ada ya miezi ambayo tasnifu ilikuwa mikononi mwao ifutwe, nirudishiwe nilicholipa, na jina langu lipelekwe kikao kijacho. Aliyewahi kurudishiwa ada ya namna hii kwenye chuo chochote cha umma aniambie alipitia wapi. Aliyewahi kupeleka malalamiko Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, anieleze walidai vielelezo gani. Nina nakala ya daftari, risiti mbili, na picha ya bahasha ikiwa sakafuni.

NYONGEZA, saa mbili usiku: Mmoja kauliza kwa nini sikumtumia msimamizi wangu. Nilimtumia. Dokta ameandika barua mbili na kwenda ofisini mwenyewe mara nne, na yeye ana wanafunzi wengine watatu waliokwama hivihivi. Wawili wameshaacha. Mmoja wao, binti aliyekuwa anapima maji ya Mto Msimbazi, alilipa ada ya kuchelewa mara mbili, ya tatu akashindwa, jina likafutwa. Tasnifu yake ilikuwa imeshakamilika.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwao na barua yangu.